Mita Moja na Sentimita Themanini Zilizopotea

Nyumba ya baba yangu kule Kizota ilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili ukiipima kwa nje, na mita kumi na sentimita ishirini ukiipima kwa ndani, hata ukijumlisha unene wa kuta. Niliipima mara arobaini. Mama anasema mara nne, lakini mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mlenda. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka na tepu, na kwenye jua la Dodoma la mwezi wa tisa, mara nne ni arobaini.

Nilikuwa napima kwa sababu tulikuwa tunauza. Baba alishafariki, wadogo zangu wameolewa na kutawanyika, mimi nina familia na kibanda changu upande wa pili wa reli, na mama alikuwa amebaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitano, akizungumza na kuku. Lakini sababu yenyewe hasa ilikuwa Makutupora. Huko ndiko anakoishi mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja, jirani kabisa na mashamba ya zabibu aliyovuna ujana wake wote. Macho yake yameingiwa na presha. Daktari alimweleza waziwazi kwamba dawa zitachelewesha upofu tu, hazitamrudishia kuona. Alipotoka hospitali alimpigia mama simu, akamwambia neno moja ambalo mama alitusimulia kila mmoja kwa wakati wake, kwa sauti ileile:

"Njoo tukae wote. Nataka nikuone ukiingia mlangoni, nisije nikakusikia tu."

Mama akasema atakwenda. Mpango ukawa rahisi hata mtoto angeuelewa: nyumba ya Kizota iuzwe, tujenge vyumba viwili kwenye kiwanja cha mama mkubwa, mama ahame wakati dada yake bado anaona. Hiyo ilikuwa mwaka mmoja kabla ya mimi kushika tepu. Mwaka mzima. Kwanza kulikuwa na kuku aliyelalia mayai, hawezi kuhamishwa. Vifaranga walipototolewa, tukaambiwa tusubiri mvua. Mvua ikaja, tukaambiwa nani anauza nyumba kwenye matope. Na matope ya Dodoma, kwa wasioyajua, hukaa dakika kumi na moja kwa mwaka. Mama huyuhuyu, ambaye nikichelewa shule dakika mbili alinikimbiza na mwiko wa ugali mpaka getini kwa mwalimu mkuu, sasa alikuwa anachelewa mwaka, na macho ya dada yake hayakuwa yanamsubiri.

Kitu hicho kilinisumbua. Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Nimezaliwa nao huo ugonjwa, na masomo ya jioni yameuzidisha. Niliacha shule darasa la saba nikaenda kuchomelea mageti kwenye karakana za hapohapo Kizota, na nilipofika miaka thelathini na mitatu ndipo nikarudi kusoma jioni, kwenye darasa la watoto wa chekechea, magoti yakiwa usawa wa masikio. Miaka minne nilikaa hivyo. Nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na mvi tatu, nikafaulu hesabu kwa alama ambayo sitaitaja hapa kwa sababu watu watafikiri najisifu. Tangu siku hiyo sijawahi kuona kitu chenye pembe nne nikakiacha bila kukipima.

Kwa hiyo dalali alipotuambia kwamba wateja wa siku hizi, hawa watumishi waliohamia na serikali, wanataka kujua ukubwa wa kila chumba kabla hata hawajashuka kwenye gari, sikusubiri aombe mara ya pili. Dalali mwenyewe alikuwa kijana wa miraba minne mwenye simu tatu, na mbili zikilia anapokea ile ambayo haijalia. Alipofika mara ya kwanza alimwamkia mama shikamoo ya kupiga goti, akaizunguka nyumba, akaenda nyuma, akafumba jicho moja kama anayelenga shabaha.

"Kaka," akaniambia kwa sauti ya chini, "huu ukuta wa nyuma unaegemea. Mzee si alikuwa fundi?"

Mzee alikuwa fundi. Alikuwa fundi mwashi wa kuaminika kiasi kwamba watu waliomtuma ajenge choo walimwachia na funguo za nyumba. Lakini ukuta wa nyuma, kuanzia kozi ya tano ya tofali kwenda juu, ulikuwa umelala kidogo kama mtu anayesikiliza jirani. Sisi watoto tulikua nao tukidhani kuta zote za nyuma ziko hivyo. Mama alimweleza dalali kwamba mwaka ule wa ujenzi pimamaji ya baba ilipotea, ikabidi amalizie kwa macho. Aliisema kama hadithi ya zamani isiyo na kazi, akarudi kwenye mlenda wake.

Hapo yafaa nieleze nyumba ile ilivyojengwa, maana bila hivyo hesabu yangu haitaeleweka. Pale kwenye kiwanja kulikuwa na tembe kwanza, nyumba ya udongo yenye paa bapa, ambamo baba alimuoa mama. Na watu wa kwetu wasio na pa kulala hawabomoi tembe ndipo wajenge. Unanyanyua tofali kuizunguka tembe, mwaka huu msingi, mwaka ujao kozi nne, na ndani humo maisha yanaendelea, watu wanapika, wanaugua, wanagombana. Siku mabati yakipanda ndipo unaivunja tembe iliyo tumboni mwa nyumba, na udongo wake unautoa karai kwa karai kupitia mlango mpya. Mimi nilizaliwa wakati huo wa karai. Mama alikuwa amekwenda kujifungulia kwao Zuzu, kwa wazazi wake, kama ilivyo kwa uzazi wa kwanza, na aliporudi na mimi mgongoni baada ya miezi mitatu akakuta tembe haipo na nyumba imekamilika, imepigwa chokaa, na baba amesimama mlangoni kama waziri wa ujenzi.

Basi upande wa nyuma una vyumba vitatu kwa mstari: chumba nilichokulia, chumba cha mama, na stoo. Chumba cha mama mlango wake unatokea sebuleni. Stoo mlango wake unatokea uani. Kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kutembea kutoka kimoja kwenda kingine moja kwa moja. Ulilazimika kutoka sebuleni, upite jikoni, uzunguke uani, na ukifika stoo umeshasahau ulichofuata. Nilipima chumba changu: mita tatu na sentimita ishirini. Cha mama hivyohivyo. Stoo hivyohivyo, baba alipenda usawa. Kuta nne za tofali za inchi sita. Nikajumlisha juu ya mlango wa stoo kwa chaki. Nikatoka nje nikapima ukuta wa nyuma wote. Nikarudi nikajumlisha tena.

Mita moja na sentimita themanini hazikuwepo.

Nilimwambia mama kwamba nyumba imepotelewa na kipande. Mama aliniuliza kama shule ya jioni walifundisha kupima au walifundisha kusinzia. Nikampigia dalali, naye akafika ndani ya dakika tano, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa ajili ya mteja. Alisikiliza hesabu yote kwa heshima kubwa, kisha akaniuliza kama babu zangu waliwahi kufanya kazi kwa Wajerumani. Nikamkumbusha kwamba nyumba hii ina umri wangu, na mimi, pamoja na mvi zangu, sijawahi kuonana na Mjerumani. Akasema mali alizofukia Mjerumani huwa zinahamishwa. Akasema pia kwamba kama ni sanduku, sheria ya udalali inampa sehemu yake. Hiyo sheria niliitafuta baadaye sijaiona.

Tukagonga. Mimi nikiwa stoo, dalali akiwa chumbani kwa mama, kila mmoja akigonga ukuta wake kwa kifundo cha kidole. Kama ukuta ungekuwa mmoja, tungesikiana kama watu wawili wanaogongana vichwa. Nilichosikia kutoka kwake kilikuwa kidogo na cha mbali, mtu anayebisha hodi Singida. Na ukuta wa upande wangu ulijibu kwa sauti nene, ya tumbo tupu.

Nilipotoka nje nilimkuta mama amesimama uani, ungo umeinamia upande, majani ya mlenda yanamwagika na kuku wanafanya sherehe. Alikuwa amesikia. Akasema polepole kwamba miaka yote ile amelaza kichwa kwenye ukuta ule, na miaka ya mwanzo alikuwa akisikia panya wanakimbia ndani yake. Si juu, ndani. Alipomwambia baba, baba alimjibu ni panya wa darini, na hata akapanda juu na kuweka mtego, na huo mtego haujawahi kukamata chochote. Kisha panya wakanyamaza wenyewe.

"Sasa panya wa darini," mama akasema, "wanakula nini mpaka washibe waondoke?"

Nilijua hapo kwamba ugonjwa wangu wa kutaka kujua sikuurithi kwa baba.

Tatizo lilikuwa rangi. Wiki mbili nzima nilikuwa nimepaka rangi nyumba ile, rangi ya krimu ambayo mama aliichagua baada ya kukataa nyingine zote zilizowahi kutengenezwa duniani. Kuta zile zilikunywa rangi kama ng'ombe wa Ugogo wote wamefika kisimani siku moja. Nilikuwa nimekwangua, nimeziba nyufa, nimebadilisha vitasa, nimeng'oa misumari ya kalenda ya miaka yote, nimechomelea upya nondo za madirisha. Na mteja, mama mmoja mtumishi aliyetoka Dar, alikuwa anakuja kesho yake, Jumamosi, kuangalia kwa mara ya kwanza. Nani anabomoa ukuta wa nyumba siku moja kabla ya mteja? Dalali, ambaye lazima alikuwa ameshaanza kuota sanduku, alisema nitoboe tofali moja tu, upande wa stoo, na kama hakuna kitu turudishie na tuweke gunia mbele. Mama alikwenda stoo akaanza kuyaondoa magunia pale ukutani mwenyewe.

Tukafanya asubuhi ya Jumamosi. Tofali la kwanza lilinichukua muda mrefu, maana baba alikuwa amelijenga kwa saruji ya kujenga daraja. Liliposukumwa likaangukia ndani, likatoa mlio laini, kama limeangukia mto wa kulalia. Kikatoka kivumbi cha harufu ya ghala la zamani, ya nafaka iliyokwisha. Dalali akawasha tochi za simu zote tatu. Nikatoa tofali la pili, la tatu, mpaka kichwa kikapita.

Kilichokuwemo kilikuwa kihenge. Ghala la kusukwa kwa fito, la mviringo, limekandikwa kwa udongo na samadi, kimo chake kikinizidi mimi, tumbo lake pana limekaribia kugusa kuta zote mbili, limekaa juu ya mawe matatu likiwa na kifuniko chake kama mtu aliyevaa kofia akisubiri kuitwa. Chini yake kulikuwa na makapi ya uwele yamejaa mpaka kifundoni, kazi ya panya. Na juu ya jiwe moja, imelazwa vizuri kama inayopima iwapo jiwe limekaa sawa, ilikuwepo pimamaji.

Dalali alipoona hakuna sanduku alivunjika moyo kiasi kwamba alizima simu mbili. Mama alinisogeza pembeni, akaingiza kichwa na bega kwenye tundu, akanyoosha mkono. Alikipapasa kihenge kwa kiganja chote. Alikaa hivyo muda mrefu, nusu yake ndani ya ukuta, nusu nje, na sisi tunaona khanga tu. Kisha akatoka na unga wa vumbi usoni.

"Hiki kiko Makutupora," akasema.

Nikamwambia mama, kiko hapa.

"Hiki kiko Makutupora," akarudia, "kwa dada yangu. Baba yako alimpelekea."

Akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa, akatusimulia. Na tangu nizaliwe sijawahi kusikia habari hiyo, mimi niliyeiuliza dunia kila swali. Kihenge kile alikisuka babu, baba yake mama, kwa mikono yake, humohumo ndani ya tembe, mama alipoolewa. Aliposafiri kwenda kujifungua alikiacha kimejaa uwele. Aliporudi hakukiona. Baba akamwambia kwamba kule Makutupora mazao yalikauka, na yeye ameona vibaya shemeji yake alale njaa, hivyo amempelekea kihenge na nafaka yake yote kwa mkokoteni. Babu, ambaye ndiye aliyemrudisha mama nyumbani siku hiyo, alifurahi mpaka akampa baba beberu. Mwaka huohuo babu akafariki. Kwa hiyo kihenge kikawa kazi ya mwisho ya mikono yake, na kilikuwa kwa dada mtu.

Na dada mtu hakuwahi kusema asante. Hata mara moja. Kwetu chakula ulichompelekea mtu wakati wa njaa hukiulizi. Ukiuliza umemvua nguo. Mama hakuuliza. Alisubiri kihenge kitupu kirudi, hakikurudi. Kila Krismasi akienda Makutupora alikitafuta kwa macho, chumba hadi chumba, akijifanya anasalimia watoto, hakukiona, akaamua moyoni kwamba dada yake amekiuza au amekifanya kuni. Akala naye, akacheka naye, akazika naye mume. Lakini kwenda kukaa kwake, kulala nyumba moja naye mpaka kufa, na kile kitu kipo katikati, hapo ndipo kuku walipokuwa wanalalia mayai.

Sasa nilikuwa na pimamaji mkononi, naifuta kwa shati, na hesabu yote ikajipanga bila chaki. Nilichukua tepu nikapima tumbo la kihenge kupitia tundu: mita moja na nusu na kidole. Nikapima mlango wa mbele wa nyumba: sentimita tisini. Baba yangu, fundi aliyeachiwa funguo na nusu ya mji, alikuwa ameijenga nyumba yote kuzunguka tembe, akaivunja tembe, akautoa udongo wake karai kwa karai, kisha akageuka akakuta kihenge cha mkwewe kimesimama katikati ya nyumba yake mpya, na hakuna mlango duniani kitakaoupita. Kukikata hawezi, mkwe anakuja na mjukuu, atauliza kazi ya mikono yake iko wapi. Kubomoa ukuta mpya ni kuwaita mafundi wenzake wote waje wacheke mpaka Pasaka. Akapandisha ukuta kukizunguka. Na kwenye haraka hiyo akaisahau pimamaji ndani, na kwa kuwa kuifuata ni kukiri, akamalizia ukuta wa nyuma kwa macho, na ukuta ukaanza kusikiliza jirani.

Nilimweleza mama yote hayo kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa kuonyesha njia ya kupata jibu. Mama alinitazama. Akaitazama pimamaji. Midomo ikaanza kumcheza, nikajua ama analia ama anacheka, na nikaogopa vyote viwili.

"Alikula beberu wa baba yangu," akasema. "Alimla mpaka mifupa."

Akacheka mpaka akateleza kwenye ndoo, dalali akamdaka. Alikuwa bado anacheka, na machozi yanachora mifereji kwenye vumbi, mteja alipopiga hodi uani.

Yule mama mtumishi alikuwa mtulivu, amevaa viatu vya ofisini ambavyo vumbi letu jekundu lilivibadilisha rangi kabla hajafika mlango wa stoo. Dalali alianza kumweleza habari za dirisha la mbele, umeme, maji, akimvuta mbali na tundu kwa maneno yote aliyonayo. Mteja akampita. Akaangalia tundu, akaangalia kihenge, akaniuliza ni kitu gani, na mama akajibu mwenyewe tangu mwanzo, na mkokoteni, na beberu, na panya. Mteja alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza swali ambalo sisi wote tulikuwa hatujaliuliza: kitatokaje? Dalali akasema tutakikata vipandevipande, mama, usiwe na wasiwasi, utakuta pasafi.

"Hakikatwi," mama akasema. "Kata nyumba."

Niliikata nyumba. Nilibomoa ukuta wote wa upande wa stoo, nikang'oa mlango wa stoo unaotokea uani na tofali za pembeni yake mpaka pakapita kitu cha ukubwa wa ng'ombe mwenye mimba. Wanaume wanane wa karakana walikuja kukibeba. Mimi nasema kilikuwa na uzito wa lori, wao wanasema kilikuwa chepesi kama kapu na tatizo lilikuwa ni mimi kupiga kelele. Mteja alikuja tena siku chache baadaye, akakuta stoo imekuwa chumba kikubwa chenye mwanya wa kuingiza gari, akasimama katikati akainua macho juu akageuka mara moja. Akaniuliza kama naweza kuweka pale geti la milango miwili, maana mdogo wake anatafuta pa kushonea. Hilo swali mtu mmoja tu Kizota angeweza kulijibu kwa furaha kama yangu. Akanunua. Ukuta unaoegemea hakuusema kabisa, au hakuuona, au alifikiri kuta zote za nyuma ziko hivyo.

Lakini mama hakusubiri hayo. Jumatatu ile, kihenge kikiwa bado uani kimefunikwa turubai, alivaa viatu vya kanisani akaniambia twende Makutupora. Mama mkubwa tulimkuta barazani amekaa akielekea mwanga. Nilipiga goti nikamwamkia, akanishika kichwa kunitambua, na hilo sikulipenda, maana mwaka jana alinitambua kwa macho kutoka barabarani. Mama alikaa karibu naye, akamwambia kila kitu, hadi lile la kuni. Alilisema hilo la kuni akitazama chini.

Mama mkubwa alimgeukia.

"Kumbe ndiyo maana kila Krismasi ulikuwa unachungulia vyumbani kwangu," akasema. "Mimi nilifikiri unahesabu vyungu vyangu. Nikawa navificha, mdogo wangu. Nikikusikia unakuja, navipeleka kwa jirani."

Waliulizana vyungu vile vilikuwa vingapi. Waliulizana beberu yule alikuwa na rangi gani, wakagombana kuhusu hilo. Mimi nilikwenda kupima kiwanja.

Nilijenga mwezi ule na uliofuata, kwa kasi ambayo haijaonekana kanda ya kati tangu reli. Kihenge nilikipeleka mapema, nikakiweka chini ya turubai kando ya msingi, na mama aliniambia mara mia, na hapa sizidishi, kwamba mlango wa chumba cha mbele ukipishe. Nikasema mimi si baba. Mimi nina cheti. Nikapima tumbo la kihenge, nikaongeza sentimita sita za heshima, nikaacha mwanya kwenye tofali, nikachomelea fremu ya chuma safi kabisa, nikaisimamisha kwa pimamaji ya baba mpaka kile kiputo cha hewa kikakaa katikati kama kimechorwa, nikaifunga kwa saruji.

Siku ya kuhamia mama aliingia kwa dada yake na begi moja na kuku saba. Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni kwake tangu asubuhi, mkono juu ya nyusi. Mama alipotokea barabarani, mama mkubwa alisema khanga yake ni ya kijani. Ilikuwa ya bluu, lakini mama akasema ndiyo, ya kijani.

Kisha mama mkubwa akataka kukiona kihenge. Nilimwongoza mpaka kwenye turubai. Akakikumbatia, kifua kizima, akinusa, vidole vikifuata fito moja baada ya nyingine, akatutajia pale babu alipounga na pale alipochoka. Tukasubiri. Alipomaliza hakuishusha mikono. Aliiacha imenyooka vilevile, upana uleule wa kihenge, akageuka taratibu, akatembea nayo hatua kwa hatua kuelekea mlango wangu mpya, mama akimwelekeza kushoto, kulia kidogo, nenda. Alifika. Viganja vyote viwili vikagonga chuma, huku na huku, kwa pamoja.

Nilikuwa nimepima mwanya wa tofali. Fremu sikuitoa kwenye hesabu.

Mama aliniangalia, mikono ya dada yake ikiwa bado imenyooka pale mlangoni.

"Mwana wa baba yake," akasema. "Lete nyundo, kabla hujaanza kujenga ukuta."